Baba wa Mzimamoto

Nianze na kile nilichokitaka, ili msomaji asije akanihurumia bure. Nilitaka maikrofoni. Si ya kanisani wala ya redio. Nilitaka ile ya ukumbi wa video wa mtaa wa Mabanga, hapa Goma, iliyofungwa shingoni kwa mpira wa baiskeli, ambayo muzee mmoja aliishika kila Jumapili alasiri na kutuambia kwa Kiswahili yale ambayo wazungu walikuwa wakisema ukutani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule niliiacha kabla ya mtihani wa serikali, na Kiingereza nilijifunza peke yangu kwa kamusi iliyopotewa na kurasa zake za kwanza, kiasi kwamba kwa muda mrefu niliishi bila maneno yanayoanza na A. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa barua za watu katika kibanda cha fotokopi karibu na Katindo. Mtu akileta barua yenye makosa, niliyasahihisha bila kuombwa, na baadhi yao walikasirika. Maikrofoni niliifanyia mazoezi bafuni kwa kitana, huku nikimimina maji kwa kopo ili mama asinisikie. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Ukumbi wenyewe ni mbao zilizosimikwa juu ya mawe ya volkano, bati juu, mabenchi yasiyo na mgongo, na ukuta mmoja uliopakwa chokaa kwa ajili ya picha. Mwenye ukumbi ni mama mmoja mwenye maneno machache anayekaa mlangoni na beseni la mandazi. Siku hizi hakuna anayetaka kuwa nje jua likishazama, kwa hiyo filamu huonyeshwa mchana, na mianya ya mbao imezibwa kwa magunia ya unga ili giza lipatikane. Ukiketi upande wa kushoto unasoma "kilo 25" filamu nzima.

Filamu iliyotuleta pale ilikuwa ya mfululizo, sehemu baada ya sehemu, na jina lake la kizungu hakuna aliyejisumbua kulitamka. Sisi tuliiita Zimamoto. Ni habari ya mzimamoto mmoja ambaye wenzake wote waliteketezwa na tajiri mwenye tabia ya kuchoma majengo, naye akaapa kulipiza. Katika sehemu ya kwanza anajeruhiwa, na mzee mmoja mwenye koti jeusi anamficha nyuma ya kituo cha mafuta, anamfunga vidonda, anamnywesha mchuzi. Mzimamoto anamwita "baba". Ndivyo muzee wetu alivyotafsiri: baba. Basi sote tukajua kwamba yule ni baba yake.

Katika sehemu ya tatu baba huyo alitokea amevaa kola nyeupe ya kipadri. Ukumbi ulinong'ona. Muzee hakusita hata kidogo. "Baba ya mzimamoto," alisema kwenye maikrofoni, "bibi yake alikufa, akahuzunika sana, akaingia upadri." Watu wakatikisa vichwa kwa kumhurumia mtu aliyefiwa na mke. Mtu mmoja wa Butembo alisema kwa sauti kwamba hata kwao yuko mjane aliyepewa upadri, na anasoma misa vizuri.

Mabishano yalianza baada ya sehemu ya sita. Humo mzee wa koti jeusi anafia ndani ya ghala linaloungua, na mzimamoto, badala ya kukaa matanga, anapanda boti kumfukuza tajiri. Haendi maziko. Hanyoi nywele. Hatoi hata chozi. Filamu ikaisha, mama akazima jenereta, na ukumbi ukalipuka.

"Bameiharibu!" alipaaza sauti fundi wa simu wa Birere, kijana ambaye huweka bisibisi sikioni kama karani mwenye kalamu. "Mutoto hamuziki baba yake, anapanda boti? Boti! Ile mutu aliandika hii, iko na baba kweli?"

"Ngoja sehemu ya saba," alisema dada wa saluni, aliyekuwa ameketi mbele yake. "Atarudi kumuzika. Bazungu banachelewesha tu."

"Banachelewesha maiti?"

"Kwani kwao hakuna frigo ya kuweka maiti?"

Tangu siku hiyo kukawa na kambi mbili. Fundi aliongoza waliosema kwamba mfululizo ulipaswa kukoma kwenye sehemu ya tatu na kwamba kila kilichofuata ni takataka. Dada wa saluni aliongoza waliongoja sehemu ya saba kama watu wanaomngoja mjomba aliyekwenda Ulaya. Niliwadharau wote kwa usawa, na niliwadharau kwa bidii, kama wengine wanavyofanya mazoezi ya viungo.

Niliwadharau kwanza kwa sababu ya sauti zao. Walikuwa na kundi la WhatsApp, na hakuna aliyeandika sentensi nzima humo. Walituma sauti za dakika nne, mbili za kusafisha koo, moja ya kumsalimia kila mtu na familia yake, na ya mwisho ya kusema kwamba wenzao hawana akili. Niliwadharau kwa sababu ya neno lao moja, "walituharibia", kana kwamba watengenezaji wa filamu hiyo waliamka asubuhi wakaulizana: je, leo watu wa Goma tuwaharibie nini? Niliwadharau kwa kujua namna filamu ya mamilioni inavyopaswa kuandikwa, wao ambao hawawezi kuandika tangazo la chumba cha kupanga bila kuniletea mimi.

Siku moja fundi aliingia kibandani kwetu na karatasi mbili zilizokunjwa. Ilikuwa barua kwa mkurugenzi wa filamu. Aliitaka ipigwe chapa. Aliiandika kama tunavyofundishwa kuandika barua za kuomba kazi: jina lake juu kushoto, la anayeandikiwa chini kulia bila anwani kwa sababu hakuwa nayo, na katikati, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: KUHUSU: BABA KUTOZIKWA. Ilianza kwa heshima kuu na ilimalizia kwa vitisho. Chini kabisa palikuwa na orodha ya nakala: moja kwa mzimamoto, moja kwa kumbukumbu.

"Kuna makosa kumi na manne," nilimwambia.

"Weye piga tu, dada. Makosa ni yangu."

Nilisahihisha kumi na matatu. La kumi na nne nililiacha makusudi, aaibike huko ughaibuni. Nililala vibaya usiku wa kwanza kwa sababu ya kosa lile, si kwa sababu yake.

Na sasa niungame jambo baya zaidi. Mimi nami nilikuwa na maoni. Sikuwaambia wale watu, kwa sababu niliona hawastahili, lakini niliyaandika. Daftari zima la kurasa thelathini na moja. Nililinakili mara tatu: mara ya kwanza kalamu ilivuja, mara ya pili niligundua kwamba ukurasa wa tisa ulikuwa na neno "hivyo" mara tano. Hoja yangu ilikuwa kwamba sehemu ya sita ni sahihi na kwamba wanaoilaumu hawajui kutazama. Baba wa mzimamoto, niliandika, alipoingia upadri alijitoa katika ukoo akaingia katika Kanisa. Padri huzikwa na Kanisa. Mwana hana tena haki juu ya maiti, na boti lile ndiyo njia yake ya kuomboleza. Nilipolisoma tena nilitetemeka kwa jinsi lilivyokaa vizuri. Nilipanga siku moja nisimame ukumbini, niombe maikrofoni, nilisome lote, na nikimaliza muzee aniambie: kuanzia leo kaa hapa.

Nilikosa kitu kimoja tu: maneno yenyewe ya mzimamoto, kwa Kiingereza, ili niyanukuu bila kosa. Nikaomba sehemu ya kwanza bila sauti ya muzee kutoka kwa mteja mmoja aliyekuwa nayo kwenye flashi, nikaitazama kibandani wakati wa mapumziko ya mchana.

Niliitazama hadi mwisho. Namaanisha mwisho wa kweli, pale majina yanapopanda juu ya weusi. Hakuna mtu wa Mabanga aliyewahi kuyaona majina hayo, kwa sababu mama huzima jenereta mzimamoto anapogeuza mgongo. Mimi husoma kila kitu, hata masharti nyuma ya tiketi ya basi. Na pale, mstari wa tatu, waigizaji walipopangwa pamoja na wanaowaigiza, mzee wa koti jeusi alikuwa ameandikwa: padri. Padri fulani. Jina la ukoo lilikuwa lake peke yake, si la mzimamoto.

Nikarudi mwanzo. Mama mmoja anayeuza pale kwenye kituo cha mafuta naye alimwita kwa neno lilelile, neno la Kiingereza ambalo, kama lile la Kifaransa, hutumika kwa mzazi na kwa padri bila kubadilika. Polisi alimwita hivyo. Hata mlevi alimwita hivyo. Katika tafsiri ya muzee wote walikuwa wamesema "baba", na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka, kwa sababu huku kwetu kila mtu humwita kila mwanaume mzima baba. Waliotazama kwa Kifaransa nyumbani walikuwa wametuapia: "Anasema mon père, baba yangu, nimesikia na masikio yangu!" Nikafungua sehemu ya pili, iliyokuwa kwenye flashi ileile. Kuna mahali mzimamoto anamwambia msichana, polepole kabisa, kwamba hajawahi kumwona baba yake. Nilipakumbuka mahali hapo. Muzee alikuwa amefanya mlio wa gari la zimamoto kwa mdomo wake, mlio mrefu mno, na sisi tulipiga makofi.

Kurasa thelathini na moja.

Mtu mwema angecheka. Mimi nilichomoa kurasa zile moja moja, nikazipitisha kwenye mashine ya fotokopi upande mtupu ili karatasi zisiharibike, nikatoa juu yake vyeti vya kuzaliwa vya wateja. Kisha nikahisi furaha ambayo sijivunii. Mji mzima ulikuwa unagombana miezi mingi juu ya maziko ya baba ambaye si baba. Kambi zote mbili zilikuwa bongo. Kwetu bongo maana yake ni uongo, na ninafurahi kwamba mahali pengine ni jina la kile walichokikosa. Mimi peke yangu nilijua. Nikaamua kuuhifadhi ukweli huo hadi siku utakapouma zaidi.

Siku hiyo ililetwa na muzee mwenyewe. Alikuja kibandani Jumanne, shingo imefungwa skafu, mkononi chupa ya maji ya tangawizi, akaninong'oneza kwa shida.

"Binti. Banasema unajua Kiingereza."

"Kidogo, muzee." Nilisema kidogo kwa adabu. Nilitaka aseme hapana, unajua sana.

"Sauti imeniacha. Jumapili ni sehemu ya saba." Akaweka flashi juu ya meza. "Utashika mikro."

Nilishukuru kama mtu anayepewa cheti. Nilichomeka flashi kabla hajafika barabarani. Niliitazama sehemu ya saba mara tisa kati ya Jumatano na Jumamosi. Niliandika kila sentensi upande wa kushoto, Kiswahili chake upande wa kulia, na mshale mahali pa kuvuta pumzi.

Mara ya kwanza tu nilielewa ni nini kilichomwacha muzee. Katikati ya filamu anatokea mwanaume kilema, mtengeneza mitumbwi, na mzimamoto anakaa naye mezani, na baada ya kimya kirefu anamuuliza kwa nini alimtelekeza mama yake akiwa na mimba. Baba. Baba wa kweli, mwenye pua ileile. Hapo hakuna mlio wa gari unaotosha. Muzee alikuwa ameitazama kabla yangu, akaona shimo alilolichimba mwenyewe tangu sehemu ya kwanza, akajifunga skafu na kunikabidhi mimi nitumbukie. Sina ushahidi. Lakini sauti haipotei Jumanne kwa bahati.

Jumamosi nilikwenda kwake na daftari. Nilimkuta ameketi mlangoni akichambua maharagwe pamoja na mkewe. Nilimweleza yote, majina yale ya mwisho, mama wa kituo cha mafuta, polisi, mlevi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Yule mama wa mafuta alimwita nani?" alinong'ona.

"Kwa tafsiri yako, baba."

"Na weye, mutu kama mimi ukikutana naye njiani unamwita nani?"

"Baba. Au muzee."

"Mimi nilikuzaa?"

"Hapana, muzee."

"Bon." Akatupa jiwe dogo alilolipata kwenye maharagwe. "Mimi nilisema baba. Sikusema alimuzaa. Nyinyi ndio mulimuzalisha."

Mkewe alicheka hadi akashika ukuta.

"Na ile habari ya bibi yake kufa akaingia upadri?" niliuliza. "Hiyo nayo ni sisi?"

Muzee alikohoa. Alikohoa muda mrefu, akaonyesha koo lake, akaonyesha kwamba daktari amemkataza kusema.

Nikarudi nyumbani nimeamua. Nilijua ninachokiweka mezani. Nikisema "baba" kama yeye, maikrofoni ningeweza kuendelea nayo. Watu wangefurahi, na mimi ningekuwa mtafsiri mwingine wa bongo. Nikisema "padri", ningekuwa sahihi mbele ya watu wasiopenda usahihi, na ningemvua nguo muzee mbele ya ukumbi wake. Nilijiambia kwamba ninautetea ukweli. Kusema kweli nilitaka kuona nyuso zao.

Jumapili watu walitoka misani wakaja moja kwa moja, wengine na Biblia mikononi. Fundi aliketi benchi la pili na watu wake. Dada wa saluni aliketi la kwanza, kichwa nusu kimesukwa, kwa sababu aliyekuwa akimsuka naye alitaka kuwahi. Muzee alikaa nyuma kabisa na skafu yake. Mama mwenye ukumbi alinifuata hadi mbele na kunipa ndazi.

"Kula kwanza. Halafu usikilize: utafsiri. Usifundishe."

Sikulila. Nilianza.

Nilikuwa sahihi. Naweza kuapa mbele ya yeyote kwamba kwa dakika arobaini hapakuwa na kosa hata moja katika ukumbi ule, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ujengwe. Lakini usahihi wangu ulikuwa mrefu. Mzungu alisema maneno matatu na mimi nilihitaji kumi na mawili, kwa sababu nilitaka na wakati wa kitenzi ueleweke. Vichekesho vilifika mchekeshaji akiwa ameshatoka chumbani. Mlinzi mmoja wa tajiri alipigwa risasi katikati ya sentensi, na mimi nikaendelea na sentensi yake.

"Dada, harakisha!" sauti ilitoka gizani. "Mutu amekufa na ungali unasema maneno yake!"

"Ni roho yake inasema," mwingine akajibu, na benchi zima likacheka.

Kwa muzee wangecheka kwa ajili ya filamu. Jasho lilinitoka mpaka wino wa daftari ukachafuka, na nikageuza ukurasa mara mbili badala ya mara moja, nikarudi, nikakosa mstari. Niliwachukia kwa chuki safi kabisa. Nikasema moyoni: ngojeni.

Mtengeneza mitumbwi akatokea. Mezani. Kimya kirefu. Mzimamoto akauliza swali lake, na mimi nikalitafsiri neno kwa neno: "Baba, kwa nini ulimwacha mama akiwa na mimba yangu?"

Fundi akasimama, kivuli cha kichwa chake kikaangukia pua ya mtengeneza mitumbwi.

"Baba gani tena?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo siku nne. Nikaipa kisogo picha, nikawageukia. "Huyu ndiye baba yake," nilisema, na maikrofoni ilipiga mluzi. "Yule wa koti jeusi alikuwa padri tangu mwanzo. Hakuwa na mke. Hakuwa na mtoto. Wazungu wanamwita padri kwa neno la baba, na mtafsiri wenu hakulijua hilo. Sehemu sita zote mmelilia mtu ambaye si ndugu yake. Mliyokuwa mnabishania hayapo."

Nilisubiri nyuso. Giza lilikuwa zito, kwa hiyo sikuona kitu isipokuwa "kilo 25" pale kushoto. Nilisikia tu benchi likilia chini ya mtu aliyejigeuza. Kisha dada wa saluni akapiga makofi mara moja, kofi la mtu aliyekumbuka mahali alipoweka funguo.

"Baba mukubwa!"

"Nini?"

"Yule wa koti ni baba mukubwa! Huyu kilema alikimbia na kuacha mimba, kaka yake mukubwa akamulea mutoto. Kwani utamwita nani kaka ya baba yako? Si baba?"

"Ehee!" alisema mtu wa Butembo. "Na mukubwa ndiye aliingia upadri. Kila familia inatoa mumoja."

"Hapana," nilisema kwenye maikrofoni. "Hapana, hakuna mahali filamu inaposema..."

"Dada, tulia, tunafikiri."

Fundi bado alikuwa amesimama. Nilimwona akitoa bisibisi sikioni na kuigeuza vidoleni. "Ngojeni," alisema polepole. "Kama ni baba mukubwa, na mudogo wake angali muzima... mwenye maziko si mutoto. Mwenye maziko ni huyu kilema. Huyu! Ndiye alikosa maziko ya kaka yake!" Akaelekeza bisibisi ukutani, kwenye kifua cha mtengeneza mitumbwi. "Basi sehemu ya sita haikuharibika."

"Nilikwambia ungoje," dada wa saluni alisema.

"Uliniambia frigo."

Wakacheka wote, kambi mbili pamoja. Hivyo ndivyo mabishano ya miezi yote ile yalivyokwisha. Hoja yangu ya kurasa thelathini na moja, kwamba sehemu ya sita ni sahihi na mwana hakuwa na wajibu wa kuzika, walikuwa wameifikia kwa muda wa kutafuna ndazi, kwa njia ya uongo kutoka mwanzo hadi mwisho, na uongo wao ulikuwa umekaa vizuri kuliko wangu. Hakuna aliyemgeukia muzee kumlaumu. Hakuna aliyenigeukia mimi kunishukuru. Filamu ilikuwa ikiendelea nyuma yangu bila tafsiri.

Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa, nzito, safi, isiyo na tangawizi ndani yake.

"Baba mukubwa, ndiyo! Si nilisema tangu sehemu ya pili?"

"Alisema!" watu wawili watatu wakaapa. "Muzee alisema!"

Hakuwahi kusema. Sehemu ya pili ilikuwa gari la zimamoto. Lakini tayari alikuwa akishuka kati ya mabenchi, skafu mkononi, watu wakimpisha magoti. Alifika mbele akaninyooshea kiganja, bila hasira, kama mtu anayeomba chumvi mezani.

"Lete, binti. Tubarudishe kwenye hadithi."

Ningeweza kukataa. Nililiwaza hilo muda mrefu baadaye, nikatunga majibu saba, mazuri yote. Pale nilimpa. Mpira wa baiskeli ulikuwa umelowa jasho langu, akaupangusa kwa skafu kwanza. Mama mlangoni alinionyesha kwa kidole nafasi iliyobaki, benchi la pili, karibu na fundi, nikaketi na daftari langu magotini.

Zilibaki dakika kama ishirini. Niliamua angalau nihesabu makosa yake, na nilifanya hivyo kwa penseli, kila kosa mstari mmoja pembezoni mwa ukurasa. Alimfanya tajiri kuwa gavana. Alisema boti lina breki. Mwanamke alipomwambia mzimamoto kwamba hampendi tena, muzee alisema anakwenda sokoni na atarudi, na ukumbi ukashusha pumzi. Fundi alinigusa kiwiko kwenye kosa la nane, akaninong'oneza, "Unaona vile anakwenda? Mutu hachoki kumusikia." Alinigawia nusu ya karanga zake nikazila kwa sababu sikuwa nimekula ndazi.

Makosa kumi na moja. Kisha yakaja makaburi. Mzimamoto amefika mwishowe, mvua inanyesha, amevua kofia yake ya kazi. Anasema sentensi moja, na ninaijua, niliiandika mara tisa: Asante, padri, pumzika. Maneno matatu. Upande wa kulia wa daftari langu yalikuwa yamekaa bila doa, na mshale wa pumzi.

Muzee aliacha kimya kipite. Halafu akasema, karibu sana na maikrofoni, "Baba mukubwa, nimechelewa. Niko hapa sasa. Sisi wote tuko hapa."

Hakuna neno hata moja la sentensi ile lililomo kwenye filamu. Mbele yangu dada wa saluni aliinamisha kichwa chake kilichosukwa nusu. Fundi alikuwa anavuta kamasi kama mtoto. Kosa hilo la kumi na mbili sikulitia alama, kwa sababu penseli ilikuwa imeanguka kati ya mawe ya sakafu, na nilikuwa natumia mkono uleule kujifuta macho. Hilo nalo silisamehe.